Nyumba ya Mama Apolinaria Isiyo ya Kihistoria: Risala ya Wakandikaji wa Shamba la Kaziba

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Bodi ya Shamba la Kihistoria la Kaziba. Mratibu wa Mradi, Bwana Fikiri. Viongozi wa kijiji. Wachungaji, mapadri na mashehe wetu. Wageni mliokuja kwa magari kutoka Tabora mjini, na ninyi mliokuja kwa baiskeli mkaambiwa mziegeshe nyuma zisionekane: wakubwa shikamooni, wadogo tunaitikia marahaba kabisa ili tusipoteze muda. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe. Asalaam aleikum.

MAKARIBISHO

Sisi ni akina mama kumi na wanne, kumi na mmoja kati yetu tukiwa wajane. Tunakandika paa la tembe la shamba hili na tunalima yale majaruba ya mpunga ambayo wageni huonyeshwa. Tumefurahi mno kukuona kwa macho. Hadi leo tulikujua kwa vitu viwili tu: picha iliyotundikwa getini, na sahihi iliyo chini ya barua. Picha haikukutendea haki, wewe ni mnene wa afya zaidi, Mungu azidi kukulinda. Sahihi tumeizoea.

Utatuona sisi tumekaa juani. Tafadhali usituonee huruma. Maturubai yalikuwa mawili. Moja lako na wageni wako, na la pili limemfunika ng'ombe wa saruji, rangi yake isipauke kabla hujamwona.

Bwana Fikiri alitusaidia sana kuandaa risala hii. Alituletea mfano uliokwisha kuchapwa, ukurasa mmoja, wenye mapengo ya kujaza: hapa andikeni furaha yenu, hapa andikeni shukrani. Tuliyajaza mapengo yote. Akaomba aione kabla ya siku ya leo, tukampa, akaisoma, akausifu mwandiko. Ile ilikuwa ile. Hii ni nyingine. Mungu atatusamehe, na Bwana Fikiri naye tunamwombea moyo wa namna hiyo.

HISTORIA YA SHAMBA

Mgeni rasmi, shamba hili lilikuwepo kabla ya reli. Misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji ilipita hapa, na iliyotoka Ujiji kwenda pwani ilipita hapa pia, na katika hiyo ya kwenda pwani walikuwemo watu waliofungwa shingoni ambao hawakuomba safari. Wapagazi wa Kinyamwezi walitua mizigo pale kwenye mawe. Tajiri mwenye tembe alilala ndani. Wote hao, aliyefungwa na aliyefunga, walihitaji kula, na mtama walioula haukuja na msafara. Ulilimwa hapa, kwa jembe la mkono, na wanawake wa hapa.

Historia hii yote imeandikwa kwenye kibao kikubwa cha chuma pale mlangoni. Tumekisoma mara nyingi, maana sisi ndio tunaokifuta vumbi. Kinasema kwamba Mzungu mmoja msafiri alilala katika tembe hili siku tatu akiumwa homa. Basi. Hiyo ndiyo historia. Ni historia fupi, inafaa watu wenye haraka.

Mwenzetu Apolinaria aliposomewa kibao hicho kwa mara ya kwanza alikuwa ameshika ufagio. Apolinaria amezaliwa hapa hapa Kaziba mwaka arobaini na nane, na mama wa bibi yake alikuwa akiitwa Kalunde, aliyelima mtama wa misafara toka usichana wake mpaka mgongo ulipomkatalia. Apolinaria alisikiliza mpaka mwisho, akauliza:

"Kalunde yuko upande wa nyuma wa kibao?"

"Nyuma hakuna kitu, mama," akasema Bwana Fikiri.

"Huyu mgonjwa kalala siku tatu, kapata chuma chote hiki. Kalunde kalala hapa zaidi ya usiku elfu ishirini."

"Mama yangu, kibao kinataka ushahidi. Yule Mzungu aliandika kitabu. Huyo bibi yenu aliandika nini?"

Apolinaria akamtazama miguuni. "Aliandika hayo matuta unayoyakanyaga," akasema, akaendelea kufagia, na Bwana Fikiri ikabidi aruke tuta kwa sababu ufagio ulikuwa unamfuata.

Tunaeleza haya ili umfahamu kidogo, kwa kuwa risala hii inamhusu yeye. Mfano tuliopewa haukuwa na pengo la mtu.

MANDHARI

Wageni huambiwa kwamba Kaziba ina mandhari ya asili, na ni kweli, ilikuwa nayo. Ukisimama juu ya paa la tembe na kukipa kijiji cha Kwihara mgongo, unaona kwanza mbuga ambako tunalima mpunga mvua zikikubali, halafu vichuguu vyekundu vimesimama kama watu wanaosubiri kuitwa, halafu miyombo ambayo mwezi wa tisa huchipua majani mekundu kabla ya mvua hata kuahidi. Mizinga ya nyuki iko humo. Upande wa kulia ni mawe ya wapagazi. Katikati, kati ya tembe na kisima, iko nyumba ya bati yenye uwanja uliofagiliwa na maua ya makopo mlangoni. Hiyo ndiyo ya Apolinaria. Usiitazame sana kwa sasa, tutafika.

Mradi ulipokuja uliiboresha asili hii. Mtama uling'olewa mbele ya tembe kwa sababu ndege waliokuja kula mtama walikuwa wanachafua viti vya wageni. Pakapandwa nyasi za kapeti, ambazo hazijawahi kuliwa na mtu wala ndege, na zinakunywa maji ya kisima kuliko kaya nne. Kisha ng'ombe wakafukuzwa. Wageni wakaja wakauliza, mbona shamba la kale halina ng'ombe? Swali likapelekwa ofisini, likajadiliwa, na baada ya miezi saba akaletwa ng'ombe wa saruji kwa lori.

Ni ng'ombe mzuri. Hali majani, hanywi, hapotei, haumwi kupe. Mwenzetu Mama Koleta alimwangalia tumboni siku ile aliposhushwa, akasema, "Jamani, huyu hajakamilika. Ni dume au jike?" Fundi akajibu kwamba michoro haikusema. Watalii wanapiga naye picha, nasi tunashukuru.

MAFANIKIO

Fanikio la kwanza ni kwamba tembe halijaanguka.

Mgeni rasmi, labda huko kwako Dodoma hamna matembe mengi siku hizi, basi tueleze. Paa la tembe ni bapa. Ni magogo, juu yake fito, juu yake nyasi, na juu kabisa udongo. Udongo huo ukipasuka, maji yanashuka, magogo yanaoza, na nyumba iliyosimama toka enzi za misafara inalala chini kwa masika moja. Kwa hiyo kila mwaka baada ya mvua kuisha, paa linakandikwa upya. Udongo unatoka kwenye kichuguu, lakini si kila kichuguu. Unachanganywa na samadi na nyasi zilizokatwakatwa, lakini si kwa kukadiria.

Anayejua kichuguu kipi na kiasi gani ni Apolinaria. Ana miaka sabini na saba, na kila mwezi wa tano hupanda ngazi akiwa amefunga kanga kiunoni, anapiga magoti juu ya paa, na anagonga udongo kwa vifundo vya vidole akiinamisha sikio, kama mtu anayebisha hodi kwenye mlango wa mgonjwa. Mahali pengine anapita. Mahali pengine anasimama, anagonga tena, halafu anasema, "Hapa pana njaa," nasi tunaleta karai. Wala hatujawahi kumbishia na tukawa sahihi.

Mwaka juzi Mradi ulituonea huruma. Bwana Fikiri alisema kazi ya kukandika ni ya kizamani, akina mama wanachoka, sasa paa litapigwa saruji mara moja likae miaka hamsini. Apolinaria alikuwa anapepeta karanga. Akauliza, "Magogo yatajua?"

"Yatajua nini, mama?"

"Kwamba juu kuna saruji. Gogo linapumua, linavimba, linasinyaa. Saruji haisogei. Watagombana."

"Mama, saruji ni sayansi."

"Haya," akasema Apolinaria, akaendelea kupepeta. Yeye si mtu wa kusema jambo mara ya pili.

Saruji ilikaa miaka hamsini kasoro arobaini na tisa na miezi minane. Ilipasuka kutoka kona hadi kona, na mvua ya Desemba ilipoanza kupiga mchana wa Jumapili, Apolinaria aliisikia kutoka nyumbani kwake, hatua themanini, akajua kwa mlio kwamba maji yanaingia ndani badala ya kutelemka pembeni. Alitoka na beseni kichwani. Sisi tulimkuta tayari yuko ndani ya tembe anahamisha vitu vya maonyesho: kinu, ngoma ya msafara, na ule mkebe wa dawa wa yule Mzungu wa siku tatu. Ulipona. Tunaomba hilo liandikwe kwenye kibao kingine.

Tulibandua saruji kwa sululu. Tukahitaji samadi, ng'ombe hawapo, tukaenda kuomba Kwihara, tukaibeba kwa ndoo vichwani, na njiani Mama Koleta alisema tumwombe yule wa saruji, pengine tu hajaulizwa vizuri. Paa likakandikwa. Taarifa ya mwaka ya Mradi, ambayo tulisomewa, ina picha ya paa hilo na maneno "ukarabati uliofanywa na Mradi". Picha ni safi. Sisi hatumo kwa sababu tulikuwa juu ya ngazi, na ngazi imekatwa.

Fanikio la pili ni Nyumba ya Asili, ile ya udongo na nyasi hapo mbele yako, ambayo muda si mrefu utaivutia pazia. Ina miezi mitano. Ilijengwa na mafundi kutoka mjini ili wageni waone watu wa kale waliishi vipi. Ina swichi ya taa. Ukuta wake wa kaskazini umeanza kuinama, lakini kwa unyenyekevu.

CHANGAMOTO

Mfano tuliopewa unasema changamoto ziwe tatu na zisiwe kali. Sisi tunayo moja.

Mwezi wa pili mwaka huu, siku ya Jumatano ya Majivu, Apolinaria alitoka kanisani akiwa na majivu kwenye paji la uso, akamkuta Bwana Fikiri uwanjani kwake na barua. Alimkaribisha kiti, hakukaa. Alimkaribisha maji, akasema ameshakunywa. Akasoma barua kwa sauti akiwa wima. Nyumba ya Apolinaria haimo kwenye orodha ya majengo ya kihistoria. Inaharibu mwonekano kati ya tembe na kisima. Aondoke kabla ya tarehe thelathini Juni ili ibomolewe. Chini ya barua, sahihi yako.

Apolinaria alifikiri kwanza kwamba kuna Apolinaria mwingine. Aliwapitia akilini: yuko wa Itetemia, lakini yule ana nyumba ya nyasi. Alipoelewa kwamba ni yeye, aliuliza swali moja ambalo mpaka leo tunaona lilikuwa la haki.

"Si ya kihistoria kwa nini?"

"Ni mpya, mama. Ilijengwa themanini na nane."

"Na wewe baba ulizaliwa lini?"

"Tisini na moja."

"Basi imekuzidi. Ikuamkie au uiamkie?"

Bwana Fikiri alicheka, kwa kuwa si mtu mbaya, ana kazi tu. Akamweleza kwamba Mradi umemfikiria. Kwanza, kaburi la mumewe Marko, lililo nyuma ya nyumba pamoja na makaburi ya watoto wao wawili, halitaguswa. Litazungushiwa mawe meupe, liwe sehemu ya mandhari. Pili, Apolinaria mwenyewe atapewa kitambulisho cha mgeni, aje kuliona siku za kazi.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, Marko ameruhusiwa kubaki. Alijenga nyumba ile kwa tumbaku ya misimu minne, alipigilia kila bati kwa mkono wake, na sasa anabaki yeye inaondoka nyumba, maana marehemu hachafui mwonekano. Tunashukuru kwa niaba yake.

Tatu, na hili ndilo Bwana Fikiri alilitoa mwisho kama mtu anayetoa peremende mfukoni: Apolinaria atapewa kazi. Nyumba ya Asili inahitaji mkazi. Kila siku kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni atavaa kaniki, atakaa mlangoni na kinu, na wageni wakija atatwanga.

"Nitwange nini?" Apolinaria akauliza.

"Chochote. Hata kinu kikiwa tupu, ni kwa ajili ya picha."

"Nikishatwanga hewa, jioni naenda kulala wapi?"

Hapo Bwana Fikiri akatazama karatasi, ikawa haisemi. Akauliza kama hana watoto. Anaye Tobias, analima Ulyankulu, mtoto mwema, ana chumba. Kutoka Ulyankulu mpaka hapa kuwahi saa mbili asubuhi, Apolinaria angepaswa kupanda gari la jana.

Tupate kuelewana, mgeni rasmi. Mama aliyezaliwa hapa, anayeishi hapa, anatolewa kwenye nyumba anayoishi ili aje mchana kuigiza mtu anayeishi hapa. Tulilisoma jambo hili mara nyingi kikundini, tukidhani labda sisi wa darasa la saba hatulioni vizuri. Tukamwomba Mama Yasmini, ambaye mwanawe anasoma chuo, amuulize mwanawe. Naye hakuliona.

Wiki mbili baadaye akatumwa Bwana Emilian aje kuchora alama ya iksi ukutani. Bwana Emilian ni fundi rangi, mtu mzima mwenye wajukuu, mwenzetu wa huku huku. Alikuja na baiskeli, kopo la rangi nyekundu limening'inia kwenye usukani. Apolinaria alimwona kwa mbali, akaliona na kopo, akajua. Lakini kwake mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajatia kitu mdomoni. Ndivyo alivyolelewa, na ndivyo Bwana Emilian naye alivyolelewa. Kiti kikatoka. Yakatoka matobolwa, vile viazi vya kuchemsha vilivyokaushwa, na karanga juu yake. Bwana Emilian akaegemeza mgongo ukutani, akala, akasifu, akaongezewa.

Alipomaliza, Apolinaria akasema, "Haya baba, karibu sasa. Una shida gani?"

Bwana Emilian akapangusa mikono. Akatazama bakuli, likawa tupu. "Mama," akasema, "mbona umenilisha kwanza?"

"Ulitaka nikulishe lini, nyumba ikishalala?"

"Nimetumwa kuchora ukuta huu nilioegemea."

"Nimeliona kopo."

"Sasa nitachoraje? Nimeshakula!"

"Hilo mimi silijui. Mimi nimepika tu. Chora, baba, umetumwa."

Hakuchora. Alisema kwao mtu aliyekula ndani ya nyumba hawezi kuigeukia, mkono unaweza kumkauka, na kama haukukauka ni aibu zaidi. Akainua kopo lake, akaaga vizuri, akalirudisha ofisini likiwa halijafunguliwa. Aliandikiwa barua ya kujieleza. Alijieleza kwa mstari mmoja: "Nilikaribishwa." Tangu hapo hajaitwa kazini.

Ofisi ikajifunza. Safari ya pili aliletwa kijana mgeni kabisa kutoka mjini kwa bodaboda, akaonywa asishuke kula wala kunywa. Kwa bahati Apolinaria hakuwepo, alikuwa kisimani. Kijana aliambiwa jengo lenyewe liko kati ya tembe na kisima na linaharibu mandhari. Akaangalia. Huku akaona nyumba ya bati, uwanja safi, maua mlangoni, mapazia. Kule akaona kibanda cha udongo, ukuta umeinama, nyasi zimeanza kunyauka. Hakuhitaji kuuliza mtu. Alichora iksi kubwa sana, ya kupendeza, kwenye Nyumba ya Asili.

Imekandikwa juu mara tatu, wekundu unarudi. Ndiyo maana leo umeona pale ukutani pametundikwa mkeka. Mgeni rasmi, utakapovuta pazia la jiwe la ufunguzi, tunakuomba uvute taratibu, maana pazia na mkeka vimefungwa kwenye msumari mmoja.

Tumecheka sana siku zile, hatukufichi. Hata Apolinaria alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. Kisha aliingia ndani, akatoa shuka la Marko kwenye sanduku, akalikunja, akalirudisha, akalitoa tena. Mama Koleta akamuuliza anafanya nini. "Napima," akasema, "kama sanduku litapanda kwenye baiskeli." Hapo kicheko kikaisha. Iksi ilikwenda kwenye nyumba nyingine, lakini tarehe haikwenda popote. Leo ni tarehe kumi na nne Juni.

OMBI

Mfano ulikuwa na mapengo sita ya maombi. Tumeambiwa vikundi vingine huomba mizinga, pikipiki, sare. Sisi hatuombi sare. Hatuombi hata majina yetu yaingie kwenye ile picha ya ngazi. Kibao cha Kalunde kinaweza kusubiri, yeye amezoea kusubiri.

Tunaomba barua ile uiondoe. Apolinaria akae kwenye nyumba yake mpaka Mungu mwenyewe atakapomwita, na baada ya hapo mtaamua.

Tunaamini hukuiona ulipoisaini. Wakubwa huletewa karatasi nyingi kwa pamoja na kalamu ikiwa tayari imefunguliwa, na hii ilikuwa katikati. Hatuna kinyongo. Ila leo nyumba iko mbele yako, na usije ukasema tena hukuiona. Ni ile. Sasa waweza kuitazama.

Tukikosa kukugusa moyo, basi tukuguse paa. Masika yajayo, Apolinaria akiwa Ulyankulu, ni nani atakayesikia mvua ikipiga vibaya? Amejaribu kutufundisha. Sisi tunagonga, tunasikia udongo tu. Mama Koleta anasema yeye anasikia njaa kila mahali, lakini ni ya kwake.

Mwenyewe ametuma neno, na tulimwahidi kulisoma lilivyo. Anasema: "Mwambieni sina ugomvi. Kibanda chao nitakaa. Kaniki nitavaa, wanipige picha, nitatwanga hiyo hewa mpaka iwe unga. Lakini saa kumi ikifika nataka nivuke uwanja nirudi kwangu, niwashe moto wangu, nisali karibu na Marko, nilale. Mniambie ndiyo au hapana. Labda ni ngumu, ila ni neno moja."

Ratiba uliyopewa inaonyesha kwamba leo yuko mlangoni pa Nyumba ya Asili na kinu. Hayuko. Kinu kiko peke yake. Yeye ni yule wa mstari wetu wa pili, mwenye kilemba cheupe, aliyevaa vitenge vya Jumapili. Anasema mbele ya mtu anayeamua juu ya nyumba yake hawezi kuja akiwa amevaa maigizo.

Jibu lako tunaliomba hapa, kwenye kipaza sauti hiki ambacho tunakuachia sasa. Usituambie limepokelewa na litafanyiwa kazi. Likiwa ndiyo, litamke, sisi tutajua la kufanya. Likiwa hapana, litamke pia wewe mwenyewe, ukimtazama, usimwachie Bwana Fikiri aje nalo kwa karatasi. Na ukitaka muda wa kufikiri, fikiri hapa hapa. Jua tumelizoea.

Ratiba inasema pia kwamba baada ya risala ni ngoma, ndipo pazia, ndipo chakula. Wapiga ngoma ni sisi. Wapishi ni sisi. Tumekubaliana jana baada ya sala kwamba mikono yetu itakaa mapajani mpaka utakapokuwa umesema.

Mungu aliyewafikisha wapagazi na mizigo yao akufikishe nawe nyumbani kwako salama, uukute mlango wako umesimama, na ndani yake watu unaowapenda. Hilo tunakuombea kwa moyo, bila kebehi.

Sisi tunaokusubiri,
Umoja wa Akina Mama Wakandikaji wa Shamba la Kaziba.
Imeandikwa na kusomwa kwa niaba yao na Consolatha Wilbroad, katibu.